Haini ni nani?

Katika mji wetu wa Lubumbashi kuna neno moja la Kifaransa ambalo siku hizi hutoka mdomoni kwa urahisi kama mate: traître. Kijana asiyekwenda kwenye maandamano ni traître. Mama anayeuza unga kwa bei ndogo kuliko wenzake wa sokoni ni traître. Aliyempigia kura mtu wa kabila lingine, mwimbaji aliyehama kwaya, mwalimu aliyerudi darasani kabla ya mgomo kwisha, wote ni traître; na wakiwa wengi tunawatengenezea wingi wa nyumbani, batraîtres. Neno limekuwa jiwe la njiani. Kila apitaye huliokota akarusha, wala hageuki nyuma kutazama limemwangukia nani.

Mimi leo nataka kugombana na neno hilo. Nataka kugombana zaidi na uvivu wetu sisi tunaolitumia, kwa maana tulikuwa na neno bora, tukaliacha.

Neno hilo ni haini. Tendo lake huitwa uhaini, na dada yake wa ukoo mmoja huitwa hiana. Hapa Katanga hatulisikii tena. Siku moja nililitamka mbele ya wanafunzi wakubwa wa sekondari, mmoja akaniuliza kama ni jina la samaki. Na mtu mzima, msomi, akanijibu kwa dharau kidogo: «Hilo ni neno la pwani, ni Kiarabu, ni la Waislamu. Sisi Wakristu wa Kongo latuhusu nini?»

Haya. Basi bwana huyo aache pia kusema imani, amani, dhambi, sadaka, sala na kitabu, tena asiulize saa ya Misa, kwani maneno hayo yote yalitufikia kwa njia ile ile. Akimaliza kuyatupa, sijui atasali kwa lugha gani.

Tena kuna jambo ambalo hakulijua. Katika Kiarabu haini ni mtu aliyevunja amana. Na amana, ndugu msomaji, ni kitu ulichowekewa na mtu aliyekuamini: fedha, ufunguo, siri, mtoto wa marehemu, neno la mwisho la mgonjwa. Amana, amini, imani na amani ni matawi ya shina moja. Shina hilo hilo limo pia katika Kiebrania, nasi tumepata huko lile neno letu la kumalizia kila sala, Amina. Mkristu anayeitikia Amina amesimama upande wa amana, apende asipende, ajue asijue. Haini amesimama ng'ambo.

Dada yake, hiana, amepatwa na mambo mengine. Washairi wa zamani wa pwani walimtumia kwa udanganyifu wa mtu uliyemwamini. Leo ukimsikia katika nyimbo za mapenzi, maana yake imegeuka: mwenye hiana ni mwenye roho ngumu, mtu anayekunyima kitu angali nacho. Wengine wanaona maana imeharibika. Mimi naona imebaki karibu na nyumbani kwao. Liko hata neno la jirani, kuhini, yaani kumnyima mtu kinachomstahili. Anayekunyima kilicho chako wakati kimewekwa mkononi mwake, amekufanyia nini kama si hiana? Mshahara wa mwezi unaolala katika mfuko wa mkubwa ni hiana. Dawa za wagonjwa zinazouzwa mlango wa nyuma ni hiana. Wazee walijua kwamba uhaini hauanzi na bunduki, unaanza na mkono uliofungwa juu ya kitu cha mwingine.

Sasa lilinganishe na traître. Neno hilo lilitoka katika Kilatini, tradere, kutoa kitu mkononi mwako na kukitia mkononi mwa mwingine, kukabidhi. Ni mwendo wa mkono tu. Kilatini hicho hicho ndicho kilichozaa tradition, yale mapokeo matakatifu ambayo Mitume walikabidhi Kanisa. Na katika Kigiriki ni vile vile: Mtume Paulo anapowaandikia Waroma kwamba Mungu alimtoa Mwanae kwa ajili yetu sote, anatumia kitendo kile kile ambacho Wainjili wanakitumia kwa Yuda. Yaani neno la kutoa linaweza kusema tendo takatifu kupita yote na tendo ovu kupita yote, nalo lenyewe halituambii ni lipi. Haini halina giza hilo. Kabla hujalitumia linakushika mkono na kukuuliza: mtu huyu alipewa amana gani? Aliyempa ni nani? Akaifanyia nini? Ukikosa jibu, huna ruhusa ya kumwita mtu haini. Labda ni mshindani wako. Labda ni mpumbavu, au mwoga, au mtu tu asiyekubaliana nawe. Kwa watu wa namna hiyo Kiswahili kina majina yao, mengine makali ya kutosha.

Neno msaliti, ambalo Biblia nyingi za Kiswahili zinampa Yuda, sina ugomvi nalo. Lakini hata hilo limeanza kuchakaa kwa matusi ya kila siku.

Mtu atasema: Wewe unachezea maneno, sisi tuna njaa. Basi nitasimulia jambo lililotokea katika parokia moja ya mji huu, ambayo sitaitaja. Shirika moja lilikuwa likichanga franka kila Jumapili kwa ajili ya mabati ya kapela na kwa ajili ya misiba. Mama mmoja alikuwa mwandishi wa shirika, naye aliandika kila mchango katika daftari ya shule, jina na hesabu. Mwisho wa mwaka akaona kwamba daftari na sanduku havisemi mamoja. Akaomba kwa adabu kwamba sanduku lihesabiwe mbele ya wote. Mtunza sanduku akasimama, akapiga kelele: «Traître! Unatuuzisha kwa padri!» Watu wakapiga makofi. Mama akaondolewa kazi ya uandishi siku ile ile, na watoto wake wakazomewa njiani kwenda shule. Mabati hayajaonekana mpaka leo.

Tazameni kazi ya neno moja. Nani alikuwa amepewa amana? Mtunza sanduku. Nani aliichunga? Mama wa daftari. Lakini kwa sababu neno traître haliulizi habari ya amana, mwizi alikuwa huru kulichukua na kumpiga nalo mlinzi. Kama watu wa shirika lile wangekuwa na neno haini vinywani mwao, kelele ile isingewezekana, au angalau ingemrudia aliyeitoa.

Na jambo hilo si geni kwetu Wakristu. Someni tena Injili ya Yohane, sura ya 12. Watu hukumbuka busu la Yuda na vile vipande 30 vya fedha, wakasahau kile ambacho Yohane anakieleza mapema, kwa maneno machache na makavu: Yuda ndiye aliyeshika mfuko wa wote, na alikuwa akichukua vilivyotiwa humo. Mfuko kwanza, busu baadaye. Mtu aliyezoea kula amana ndogo alikuwa amekwisha kuwa haini siku nyingi kabla ya usiku wa bustani. Makuhani wakuu walimkuta tayari. Na siku ile Betania, mwanamke alipomimina marhamu ya thamani, ni nani aliyesimama kutetea maskini kwa sauti kubwa? Ni yeye huyo huyo mwenye mfuko.

Sasa endeleeni mpaka kwa Pilato. Bwana wetu alishtakiwa nini pale? Kwamba anapotosha taifa, kwamba anazuia watu wasimlipe Kaisari kodi, kwamba anajifanya mfalme. Kwa lugha ya leo tungeandika juu ya faili lake: haute trahison. Na Pilato aliposita, walimtisha kwa hoja ile ile, kwamba akimwachilia mtu huyu si rafiki wa Kaisari. Kwa hiyo katika siku moja tunaona wawili: mmoja ameuza amana na anatembea huru na fedha mfukoni, ingawa dhamiri yake haikumwacha aishi, mwingine hakupoteza hata mmoja wa wale aliopewa isipokuwa huyo, naye anasulubiwa kwa jina la mwasi. Mkristu anayeimba Njia ya Msalaba kila Kwaresima, kisha akatoka nje na kumpigia mtu kelele za traître bila kuuliza hati wala ushahidi, sijui anadhani amesimama upande gani wa ua wa Pilato.

Kanisa la Afrika lilikwisha kuumwa na ugonjwa huu. Sisemi Afrika yetu ya sasa, nasema Afrika ya Kaskazini ya zamani, nchi ya Agostino mtakatifu. Mwaka 303 Kaisari Diocletianus aliamuru Vitabu Vitakatifu vichomwe. Wako maaskofu na mashemasi walioogopa, wakavitoa mikononi mwa askari. Wakaitwa traditores, watoaji. Hapo ndipo ukoo wa neno traître unapotokea kati ya Wakristu. Wale waliovitoa kweli walikuwa wahaini kamili kwa kipimo chetu: Vitabu vilikuwa amana, waliwekewa na Kanisa, wakaviacha. Lakini neno halikukaa hapo. Caecilianus alipowekwa kuwa askofu wa Karthago, adui zake walisema kwamba Felix, askofu aliyemweka, alikuwa traditor, kwa hiyo Caecilianus si askofu, na wote wanaokaa naye si Kanisa. Uchunguzi wa serikali ulifanyika, ikaonekana kwamba Felix hakuwa na kosa na kwamba barua iliyotumiwa kumshtaki iliongezewa maneno ya uongo. Je, kelele zilikoma? Hata kidogo. Wafuasi wa Donatus waliendelea kuwaita Wakatoliki watoto wa traditores kwa muda wa miaka mia. Mwaka 411 Agostino alikuwa bado anabishana nao Karthago, na wakati huo hakuna hata mmoja wa wale walioshtakiwa aliyekuwa hai.

Maaskofu waliokutana Arles mwaka 314 waliweka sheria mbili juu ya jambo hili, nami ningependa zibandikwe katika kila jumba la parokia. Ya kwanza: padri anayesemwa kuwa traditor aondolewe kama jambo limethibitishwa na hati za serikali, wala si kwa maneno matupu. Ya pili: anayemshtaki ndugu yake kwa uongo atengwe na Komunyo mpaka saa ya kufa. Mpaka saa ya kufa! Watu wale waliona kwamba kumpakaza mtu uhaini bure ni uhaini wenyewe, maana jina jema la ndugu yako ni amana pia, na limewekwa kinywani mwako.

Narudi kwa Waswahili, kwa maana niliahidi habari ya neno na matumizi yake. Hadithi kubwa ya hiana katika lugha yetu ni ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye kaburi lake huonyeshwa huko Kipini. Edward Steere aliichapa katika kitabu chake cha hadithi mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi mwaka 1913. Silaha yo yote haikumweza Liyongo, ila moja tu, nayo ilikuwa siri: sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Mfalme wa Pate alimwogopa. Hakutuma jeshi. Alimtafuta mtoto wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi kumwoza binti yake. Mtoto akaenda kwa baba, akamwuliza, akaambiwa. Akarudi na sindano. Akamchoma baba yake usingizini. Liyongo aliamka na jeraha, akaenda kisimani, akapiga goti na kuweka mshale katika upinde, akafa hivyo hivyo. Watu wakakaa siku nyingi bila kuteka maji kwa kuogopa maiti. Na mtoto? Binti wa mfalme hakumpata.

Sisi watu wa mji wa shaba tuna sababu ya kuishika hadithi hiyo. Wazee wetu walisubu shaba kuwa misalaba midogo ya kununulia na ya kuolea, muda mrefu kabla ya treni na kabla ya kampuni. Madini yale yale, huko pwani, yalitengenezwa sindano moja tu. Wala mshairi hatupi nafasi ya kusema kwamba haini ni mgeni. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Katika hadithi hii mzaliwa naye ndiye aliyeleta sindano. Methali nyingine inasema kweli zaidi: kikulacho ki nguoni mwako. Adui wa Liyongo, yule mfalme, mshairi anamwonyesha kuwa mwovu na mjanja, lakini haini siye. Mfalme hakuwa amepewa siri yo yote na Liyongo. Haini ni mmoja tu, yule aliyeitwa mwanangu.

Dante, mshairi Mkatoliki wa Italia, alipima kwa mizani hiyo hiyo: chini kabisa katika Jahanamu yake, penye barafu, hakuweka maadui wa vita. Aliweka waliowadanganya watu waliowaamini, na katika midomo ya Shetani aliweka Yuda, pamoja na Brutus na Cassius waliomwua Kaisari.

Huko Tanzania neno haini halikufa, lilihamia mahakamani. Katika sheria yao uhaini ni kosa la kutaka kuangusha dola. Mwaka 2025 magazeti yalijaa neno hilo, kwanza mwezi wa Aprili, kiongozi wa upinzani Tundu Lissu aliposhtakiwa nalo, kisha baada ya uchaguzi wa Oktoba, mamia ya watu waliposhtakiwa kwa mkupuo. Na Mzanzibari Adam Shafi alikwisha kuandika riwaya mwaka 2003, akaiita kwa neno hilo moja, Haini. Inasimulia gereza na mateso ya watu waliokamatwa Zanzibar baada ya Rais kuuawa. Na kila anayejua historia anakumbuka kwamba Abeid Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Ukubwa wa kitabu hicho uko katika jina lake. Serikali imembandika mtu jina la haini, na msomaji anafungua ukurasa baada ya ukurasa akitafuta: haini yuko wapi? Ni huyu anayepigwa, au ni hawa waliopewa amana ya kulinda watu wakageuka kuwapiga? Sijui kitabu kingine cha Kiswahili kinachotumia neno moja la jalada kwa ukali namna hii. Kingefaa kusomwa katika shule zetu, ingawa si chepesi.

Na sisi? Sisi hatuhitaji kwenda Zanzibar kutafuta mfano. Mji huu ulipoitwa bado Élisabethville, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa hapa na ndege wakapigwa risasi usiku. Kila upande ulikuwa ukiwaita wengine wasaliti. Moïse Tshombe, aliyeongoza Katanga wakati ule, yeye naye alihukumiwa kufa kwa uhaini mwaka 1967 bila ya kuwapo, akafia kizuizini Algeria mwaka 1969. Évariste Kimba, mtoto wa Katanga, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kongo mwaka 1965, alishtakiwa pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba kwamba walipanga kuiangusha serikali ya Mobutu. Kesi ya askari ilikuwa fupi kuliko Misa ya Jumapili. Tarehe 2 Juni 1966, katika juma la Pentekoste, walinyongwa hadharani Kinshasa mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Watoto walikuwamo katika umati ule.

Miaka miwili baadaye akaja Pierre Mulele. Simtetei: waasi wake wa Kwilu waliua watu wengi, na mwaka 1964 waliua mapadri wamisionari huko Kilembe. Lakini mwaka 1968 serikali ilimwita arudi kutoka Brazzaville kwa ahadi ya msamaha. Alivuka mto, akapokewa kwa karamu, na mwanzoni mwa Oktoba akauawa. Sasa pimeni kwa neno letu la kale. Nani alitoa amana ya usalama, nani akaivunja? Neno traître lilikuwa limebandikwa kwa Mulele. Hiana ilikuwa upande wa pili wa meza.

Na mwaka 1992 na 1993 tulifanya hapa Katanga jambo ambalo wengine wanapenda lisitajwe. Ndugu zetu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa Likasi na Kolwezi, walifukuzwa kazini na nyumbani. Maelfu na maelfu walilala katika stesheni wakingoja treni, na wengi walifia pale, hasa watoto. Waliitwa bilulu, wadudu. Waliitwa wasaliti wa Katanga. Nauliza: amana gani ya Katanga ilikuwa imewekwa mkononi mwa mtoto wa miaka minne aliyefia juu ya mkeka kwenye stesheni?

Tarehe 13 Machi 2024 Wizara ya Sheria ya nchi yetu ilitoa waraka wa kuondoa zuio la kunyonga na kupiga risasi waliohukumiwa kufa, zuio lililodumu tangu 2003. Sababu iliyotolewa ilikuwa kusafisha jeshi na wasaliti. Naelewa hasira ile. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na nani asiyelia? Wala sisemi kwamba Kongo haina wahaini. Ofisa anayekula posho ya askari wake, anayewaacha mbele bila chakula wala risasi, huyo ni haini kwa kila herufi ya neno, maana uhai wa vijana wale ulikuwa amana yake. Ashtakiwe, ahesabu zake zisomwe mahakamani, afungwe. Lakini Kanisa limesema waziwazi: mwaka 2018 Papa Fransisko alibadili namba 2267 ya Katekisimu, na sasa inafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Na hata kama isingebadilishwa, nchi ambayo watu wake huitana traître kwa sura ya pua, kwa lafudhi na kwa jina la ukoo, je, iko tayari kushika kamba?

Wengine hunijibu kwamba wakati wa vita si wakati wa kupima maneno. Mimi nasema ni wakati huo hasa. Wakati wa amani neno ovu huvunja urafiki. Wakati wa vita huweka tairi shingoni mwa mtu.

Ukitaka kujua kinyume cha haini, usitafute mtu anayepiga kelele kwa ajili ya taifa. Mtafute Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, msemaji wa Kiswahili kama sisi, aliyefanya kazi ya kukagua vyakula vinavyoingia mpakani. Waliletwa kwake wafanyabiashara na mchele uliooza, pamoja na fedha za kumfumba macho. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Amana yake haikuwa bendera wala siri ya vita. Ilikuwa matumbo ya watu asiowajua, ambao wangeununua mchele ule sokoni kwa kikombe.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa mashirika yetu, nami siombi kwa upole. Jina la haini lisitamkwe katika mkutano mpaka amana imetajwa kwa jina lake na hati imewekwa mezani. Atakayelitamka bila hivyo, mwenyekiti amnyamazishe, awe nani. Na daftari za michango zisomwe kwa sauti, mbele ya wote, Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia na mwezi huu. Mama yule mwandishi, yule wa parokia nisiyoitaja, bado ana daftari yake.